Maji Yanayochemka Bila Moto

Jumatatu, 10 Agosti 1964

Leo nimeshinda mnada! Nusu ya Homa Bay ilijaa uwanjani kwa yule afisa Mzungu wa kilimo anayefunga virago kurudi kwao. Watu waling'ang'ania viti, magodoro na mapazia. Kerosi, Mkisii mwenzangu na adui yangu, alichukua sufuria mbili kubwa za kupikia uji, akanitazama kama mtu aliyenyakua serikali. Mimi nilingoja mpaka mwisho. Nikanyoosha mkono mara moja tu. Hakuna aliyeshindana nami. Hakuna hata aliyejua ni kitu gani.

Ni chupa. Ya kioo kinene, imevikwa wavu wa chuma, kichwani ina mdomo wa kubonyeza. Imekuja na sanduku la vidude vya chuma mfano wa risasi, na ndani ya kila risasi mna upepo. Unatia maji, unafunga, unapachika risasi, unabonyeza. Maji yanatoka yakiimba! Nayafahamu mambo haya. Nilifanya kazi katika klabu ya Wazungu kule Kisumu, kabla hatujakosa kuelewana kuhusu kuku fulani. Kila jioni walikunywa maji hayo na kipande cha ndimu. Mashavu mekundu, afya tupu.

Bei sitaiandika. Bathsheba, mke wangu, anajua kusoma.

Aliigeuzageuza chupa kwa muda. Akauliza kama inaliwa.

Namwelewa. Kaka Ondieki ametuma neno kwa dereva wa lori. Atashuka kutoka Kisii kwa ajili ya makambi, mikutano ya kanisa letu ya wiki ijayo, na Jumapili makambi yakivunjwa atakuja kukagua duka langu. Tangu baba afariki neno la Ondieki ndilo neno. Asipoona biashara inayosimama kwa miguu yake, atatupakia kwenye lori pamoja na vyombo vyetu, turudi kulima pareto chini yake. Mimi nitapewa jembe. Bathsheba atapewa kona katika jiko la mke wa Ondieki, ambaye hajawahi kumsifu mtu yeyote tangu azaliwe.

Sitaki kwenda. Naandika wazi, hapa hakuna anayesikia. Nalipenda ziwa hili na joto lake, na siwezi kuvumilia kuamshwa na kaka yangu alfajiri kama ndama. Bathsheba naye hataki. Juzi alilia kidogo, akasingizia vitunguu.

Kaka anakumbuka mambo madogo madogo. Miavuli niliyonunua kiangazi kilipoanza. Sabuni yangu ya mafuta ya kamongo, yule samaki wa matopeni, ambayo ilitoa povu zuri sana, ila paka wote wa mtaa walimfuata kila aliyeioga. Hayo yamepita. Sasa nina chupa.

Jumanne, 11 Agosti

Majaribio asubuhi. Nilibonyeza kwa nguvu kidogo kupita kiasi. Maji yalimpiga Bathsheba usoni, yakaendelea hadi kwenye kalenda. Alijipangusa. Kisha akachukua kikombe, akajimiminia polepole, akanywa. Akafumba macho. Akapiga mbweu. Akaona haya, akacheka! Sikumbuki mara ya mwisho nilipomsikia akicheka ndani ya duka hili.

Akasema maji matupu yanachosha. Akachemsha ya ziwani, akayapoza kwenye mtungi, akakamua ukwaju, akaponda tangawizi, akaongeza asali kidogo. Tukapachika risasi. Ee Bwana! Ni baridi, ni kali, ni tamu, na inacheza ulimini kama watu wa arusini. Nimefurahi sana kuwa na wazo zuri namna hii.

Mpango ni huu. Makambi ya kanisa yanaanza wiki ijayo, hapa hapa karibu na ziwa. Sisi Wasabato hatunywi pombe, hatunywi chai, hatunywi kahawa. Sasa tunakunywa nini? Uji wa Kerosi, mwaka baada ya mwaka, wa moto, katika joto la Homa Bay! Na nusu ya watu wanateremka kutoka milima ya Kisii wakiwa na sweta. Wataiva kama viazi. Halafu watakutana na meza yangu. Kinywaji kitaitwa Maji Hai.

Mchana nilikwenda kuomba ruhusa kwa Mzee Javan, mzee wa kanisa. Ni Mjaluo mrefu, mpole, mwenye macho yasiyoacha kitu. Zamani, kabla ya kubatizwa, alikuwa mnywaji aliyejulikana hadi Karungu, kwa hiyo kanisa linamwamini sana katika mambo ya dhambi. Nilimmiminia gilasi. Hakunywa. Aliangalia mapovu yakipanda. Akaweka sikio kwenye gilasi. Uso wake ukabadilika kama mtu aliyesikia sauti ya rafiki wa ujanani.

"Wuon Nyaboke," akasema. Huniita hivyo kwa lugha yake, baba Nyaboke, maana ndilo jina la binti yetu. "Kitu inachemka bila moto ni pombe. Mimi najua. Hiyo sauti ilinilaza nje miaka kumi."

Nilimweleza habari za upepo. Akasema pombe nayo ni upepo tu, mpaka uamke. Kuhusu jina, akasema Maji Hai yana mwenyewe tayari, na si mimi. Mwisho akakata shauri. Atakaa na chupa moja ya kinywaji changu nyumbani kwake, imefunikwa kwa kitambaa, hadi Ijumaa. Maji yakikaa hubaki maji. Pombe ikikaa huzidi. Ijumaa ikikutwa inachemka kuliko leo, nisionekane makambini, na kanisani nikae benchi la nyuma na watoto.



Alhamisi, 13 Agosti

Nimechukua hatua. Mwanamume hakai kungoja hukumu. Leo mchana Mzee Javan alikwenda kukagua mahema. Nikazunguka nyuma ya nyumba yake na chupa ya maji matupu ya ukwaju chini ya koti, nibadilishe. Mpango rahisi. Dirisha lilikuwa wazi. Nilikwisha kupitisha mguu mmoja.

Mkewe Milka akatokea na karai la dagaa. Akaniuliza natafuta nini. Nikasema nimepita kuiombea nyumba hii. Akaweka karai chini, akawaita jirani zake wawili, wakapiga magoti. Ikabidi niombe. Niliomba nikiwa na mguu mmoja dirishani na chupa kwapani. Niliombea nyumba, kuku, paa, wagonjwa, wasafiri. Kila nikitaka kusema amina, Milka ananong'ona jina la mtu mwingine. Amesema hajasikia ombi la namna hiyo. Amenipa dagaa.

Jioni Bathsheba aliniuliza kwa nini sikuitazama gilasi niliyoiacha mezani tangu Jumanne. Nikatazama. Haina povu hata moja. Upepo wote umeondoka. Kimya, kama maji ya kunawa.

Kinywaji changu kikikaa kinapungua! Kitakutwa maji! Bila shaka nilijua hivyo tangu mwanzo.

Ijumaa, 14 Agosti

Ushindi! Baraza la wazee lilikutana kabla jua halijazama. Mzee Javan aliondoa kitambaa mwenyewe. Akaweka sikio. Akangoja. Akaweka sikio la pili. Walionja mmoja mmoja kwa kufuata umri, wakirambaramba midomo. Mzee Javan alionja wa mwisho, akaichungulia chupa tena. Nadhani alisikitika.

Akatangaza kwamba ni maji.

Ruhusa nimepewa! Meza yangu itakuwa mkabala na ya Kerosi. Kerosi alikuwa mlangoni akisikiliza. Akauliza kwa sauti, kama baraza limethibitisha kwamba ni maji, nani atanunua maji na ziwa lote liko pale. Wazee wakacheka. Hata Mzee Javan. Kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa.

Jina jipya ni langu mwenyewe: Maji ya Monari. Bathsheba amesema ni fupi, angalau.

Jumapili, 16 Agosti

Msiba. Risasi zimekwisha.

Sijui zimekwishaje. Nilimwonyesha karani wa gatini mara moja tu. Na wavuvi. Na mwalimu, ambaye aliniomba nirudie. Na mbuzi wa jirani, ili nione kama atashtuka. Alishtuka. Leo nikapachika ya mwisho, nikabonyeza, chupa ikatoa pumzi kidogo kama mzee anayeketi. Basi.

Nimezunguka maduka yote ya Wahindi. Mmoja amesema labda Kisumu. Baharia wa meli ya ziwani amesema Kisumu hakuna, labda Nairobi. Nimeketi nyuma ya duka nikalitazama jembe la zamani lililoegemea ukuta. Nililitazama na lenyewe likanitazama. Niliogopa, kweli.

Ndipo Bathsheba akaniita jikoni. Alikuwa ametia magadi kwenye mboga za majani, kama kila siku, ili zilainike. Yaliyobaki kwenye kijiko aliyadondoshea ndimu kwa bahati mbaya. Kijiko kilikuwa kinachemka! Povu, sauti, kila kitu! Akachukua kikombe cha maji ya ukwaju na ndimu, akatia magadi kidogo sana, yale yanayoshikwa na ncha za vidole viwili. Kikombe kikaimba.

Nikanywa. Ni yale yale!

Nimegundua kitu ambacho Wazungu walikuwa wanatuficha ndani ya risasi. Nilijaribu mara moja kwa mkono wangu, nikatia kiganja kizima nipate nguvu zaidi. Povu lilipanda hadi kwenye kiwiko, ladha ikawa ya sabuni, na tumbo langu limekuwa likizungumza tangu wakati huo. Tumekubaliana kwamba kupima ni kazi ya wanawake. Chupa ya Mzungu itakaa mbele mezani, kama mwenyekiti. Watu hupenda kuona mashine.

Jumatano, 19 Agosti

Makambi yamefunguliwa! Mahema kila upande, kwaya tatu zinaimba kwa wakati mmoja, malori yanateremsha Wakisii na blanketi zao, magunia yao ya mahindi na maharagwe, na sweta zao. Kufikia saa nne sweta zilikuwa zimefungwa viunoni. Kufikia saa sita watu wa milimani walikuwa wamelala chini ya malori.

Nilitegemea foleni. Hakuna mtu! Walisimama mbali wakitazama Bathsheba akidondosha magadi na povu likipanda, wakarudi nyuma hatua moja. Nikaja kujua Kerosi amepita hema kwa hema. Anasema mtu akinywa maji hayo upepo hubaki ndani, anavimba, na akicheka anapasuka. Anasema kuna chura alipewa.

Nimekasirika sana. Hakuna chura!

Aliyeniokoa ni bibi kizee kutoka Nyaribari, huko Kisii, Bonareri kwa jina, aliyekuja akiburuta fimbo. Nilimuuliza kama amesikia habari za kupasuka. Akasema ana umri wa kupasuka, tena ana kiu. Akanywa kikombe kizima bila kushusha. Kwaya moja iliacha wimbo katikati. Bibi alisimama akiwa ameshika fimbo kwa mikono miwili, macho mbele.

Akapiga mbweu iliyomtikisa kitambaa kichwani.

Akasema tumbo lake lilifungwa tangu Jumapili, na sasa limefunguka. Akaomba kingine. Baada ya hapo sikupata nafasi ya kuketi. Foleni ilizunguka hema la vijana! Bathsheba anasema mikono inamuuma. Mimi pia, kwa kuelekeza watu.

Ijumaa, 21 Agosti

Leo nimefikiri jambo ambalo hakuna mfanyabiashara Msabato aliyewahi kulifikiri.

Kesho ni Sabato. Kesho ndiyo siku kubwa, watu wanatoka hadi Migori na Kendu. Lakini Sabato hakuna kununua wala kuuza. Kila mwaka watu wanakaa na kiu, na wafanyabiashara wanakaa na huzuni. Sasa, je, wakilipa leo kabla jua halijazama, kesho wakanywa tu? Kunywa si kununua! Nilimwendea Mzee Javan. Alifikiri sana. Akasema kilicholipiwa jana ni mali ya mtu, na mtu kunywa mali yake si dhambi. Akauliza habari za kutia magadi, kama si kupika. Nikasema hakuna moto. Akakubali, ila akasema macho yake yatakuwa karibu.

Ikabaki alama. Mtu akilipa leo, nitamjuaje kesho? Bathsheba akashauri tukate vipande vya karatasi, tutie sahihi. Nikamcheka. Karatasi huigwa! Kerosi ana mpwa anayeandika kama mashine. Nikatafuta kitu ambacho binadamu hawezi kukiiga hata akae mwaka mzima. Nikakipata jikoni kwetu.

Maharagwe! Nani anaweza kutengeneza haragwe? Mungu peke yake. Nimechukua yale mekundu yenye madoa, aliyotuletea mama mkwe kutoka Kisii. Ukilipa unapewa haragwe moja. Kesho unarudisha haragwe, unapata kikombe.

Bathsheba alifungua mdomo kusema kitu. Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Akaufunga. Kisha akaenda kujaza mapipa ya ukwaju, akajaza matatu badala ya moja. Nilipomuuliza kwa nini, akasema ananijua.

Maharagwe yote niliyotoa yangejaa kikombe kimoja. Jua linazama, naweka kalamu chini. Kaka Ondieki ameonekana akishuka kwenye lori la jioni, mkono mmoja tumboni. Ana ugonjwa wa tumbo kujaa gesi, miaka mingi sasa. Amenisalimu kama mtu anayemsalimu mgonjwa.

Jumamosi, 22 Agosti

Jua limezama, Sabato imetuaga, naweza kuandika. Lazima niandike!

Asubuhi mambo yalienda sawa. Walikuja na haragwe lao, wakanywa, wakashukuru. Ilipokaribia saa sita joto likawa kali, nikaona foleni haipungui. Inaongezeka. Wanaume, wanawake, kwaya zote tatu na kanzu zao. Kila mmoja ana haragwe. Jekundu. Lenye madoa.

Nusu ya kambi wametoka Kisii. Kila gunia katika kila hema lina maharagwe hayo hayo.

Nilitoa maharagwe ya kikombe, yakanirudia ya debe! Bibi Bonareri alikuja na ya kwake yamefungwa kwenye pindo la leso, akachagua moja zuri kama anayechagua mbegu. Watu hawakuwa na hila, naamini. Waliona mwenzao anatoa haragwe anapewa kinywaji, wakafikiri ndiyo desturi ya huku ziwani. Na ningesema nini? Kubishana habari za malipo siku ya Sabato ni biashara. Mzee Javan alisimama palepale, macho karibu, kama alivyoahidi. Nikatabasamu. Mashavu yaliniuma kwa kutabasamu. Bathsheba alidondosha magadi, akachota, akadondosha, na mapipa yale matatu yakatutosha wote.

Halafu akaja kaka Ondieki na maharagwe matatu. Najua hakununua kwangu. Alikunywa vikombe vitatu, akaenda kuketi mbele.

Wakati huo huo, upande wa pili! Uji wa Kerosi wa kuuzwa jua likizama ulipikwa jana, kwa kuwa Sabato hakuna kupika. Ulilala ndani ya sufuria zile za mnada, umefunikwa, katika joto hili. Vifuniko vilianza kupanda vyenyewe. Mzee Javan akavuka. Akafunua. Uji ulikuwa unatokota taratibu, plop, plop, hakuna hata kaa la moto chini yake. Akaweka sikio.

Akaanza, "Kitu inachemka bila moto," lakini hakumaliza. Hakukuwa na haja.

Kerosi alipinga sana. Alisema ni uji mchachu tu, hata babu zetu walikunywa. Mzee Javan akamjibu kwa upole kwamba babu zetu walikunywa vitu vingi, yeye anajua, alikuwa nao. Sufuria zikabebwa hadi nyuma ya hema la vyombo, zikawekewa walinzi. Nilimhurumia Kerosi. Si sana.

Sasa hubiri la alasiri. Kila mwaka hubiri hilo huwashinda watu. Wamekula, kuna joto, mhubiri mgeni anaanza jambo la kwanza, na kufikia la pili mkutano wote umelala, wazee wakiwa wa kwanza. Leo hakulala mtu! Hawangeweza. Ilianza upande wa akina mama, mbweu ndogo, ya adabu. Ikajibiwa upande wa wanaume. Ikasambaa. Kila aliyekaribia kusinzia aliamshwa na tumbo lake au la jirani. Mhubiri aliona macho yote yamefunguka mbele yake, akapata moto ambao nadhani hajawahi kuupata. Sauti ilifika ziwani.

Mwisho akauliza nani yuko tayari kuacha mzigo wake leo. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza.

Ndipo mbweu ikamtoka kaka Ondieki. Sijui niielezeje. Ilikuwa ndefu, ya chini, kama honi ya meli ikiingia gatini. Miaka yote ile ya tumbo kujaa! Kwa nafuu aliyoipata aliinuka wima bila kujijua, mikono juu, machozi yanamtoka. Mhubiri akapaza sauti kwamba mmoja amesimama. Nyuma yake wakasimama kumi. Wakasimama hamsini. Kwaya ikaanza kuimba. Mzee Javan alikuwa analia waziwazi.

Haijawahi kutokea makambi kama haya. Na maji yalikuwa yangu!

Jumapili, 23 Agosti

Kaka amekuja dukani. Tulikuwa tumefunga vyombo tayari, Bathsheba alisema ni afadhali tujifunge wenyewe kuliko kufungwa. Nyaboke alikalia sanduku lake, hataki hata uji. Ondieki aliketi. Akalitazama duka, ambalo ndani yake kulikuwa na miavuli, na debe la maharagwe.

Akasema hivi, naandika kama alivyosema: "Monari, usiku wa jana nimelala kama mtoto. Mimi si mtu wa kubishana na tumbo langu. Baki hapa. Lakini ushike jambo hili moja. Usiliache. Umenisikia?"

Nikasema nimesikia. Bathsheba aligeuka akatazama ukuta, mabega yakitikisika, na hakukuwa na vitunguu popote. Nilimshika mkono mbele ya kaka yangu, jambo ambalo kwetu halifanywi. Sikujali. Tumebaki! Ziwa ni letu!

Kabla ya kupanda lori kaka alikaa jikoni na Bathsheba muda mrefu, akiuliza habari za magadi na ndimu. Mambo ya mapishi. Sikuingilia.

Jumanne, 25 Agosti

Nilisema nitashika jambo moja, na nimelishika kwa siku mbili. Lakini mwanamume lazima aone mbali.

Leo nimekutana na Mirumbe, Mkuria anayefanya biashara karibu na mpaka wa Tanganyika. Ana gambuti, zile buti ndefu za mpira. Mpya kabisa, nyeusi, zinang'aa, gari zima! Aliniambia kwa uaminifu wote kwamba ni za mguu wa kushoto tu. Ndiyo maana hataki pesa nyingi. Watu wengine wangeondoka hapo. Mimi nikamuuliza swali ambalo hakuna aliyemuuliza: za kulia ziko wapi? Akasema kuna mtu kule Migori anazo zote, na hajui afanye nini nazo. Hebu fikiria! Mtu huyo amekaa Migori anateseka, akingoja mtu mwenye za kushoto!

Mirumbe aliipenda chupa ya Mzungu. Tumebadilishana. Kwa nini nikae na chupa isiyo na risasi? Nimeipenda ile chupa, nakiri niliipapasa kidogo kabla ya kuiachilia. Maji yametimiza kazi yake.

Bathsheba aliziangalia gambuti zikishushwa, moja baada ya nyingine, zote zikielekea upande mmoja. Hakugomba. Aliuliza tu kama naweza kuzipanga nyuma ya duka, anahitaji nafasi mbele kwa mapipa. Nimekubali. Namwachia kona yake achezee magadi, inamfurahisha.

Jumatano, 26 Agosti

Sijawahi kuona siku kama ya leo. Kabla sijafungua mlango tayari foleni ilikuwa imefika kwa fundi cherehani. Wavuvi, makarani, wauguzi wa hospitali, hata Mzee Javan na Milka! Habari za gambuti zimeenea kwa usiku mmoja, na bado sijaweka tangazo. Huo ndio uwezo wa jina langu katika mji huu.

Bathsheba yuko mlangoni tangu alfajiri akiwapokea, mimi niko nyuma napanga mzigo kwa namba. Nasikia kelele, kicheko, mbweu. Ameshindwa kuwaleta huku nyuma hata mmoja, hajui kuuza viatu, masikini. Nitamfundisha. Kesho asubuhi naondoka kwenda Migori kutafuta za kulia.

Jambo moja tu sijalielewa. Nimechungulia kwenye ufa wa mlango, na kila mtu kwenye foleni ameshika kikombe. Watu wa Homa Bay wana mambo. Wanakuja kununua gambuti, na hakuna hata mmoja aliyekuja na soksi.